Dole la Zuwena

Ibra, Omani

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia pamoja na kadi ya Idi uliyoigonga muhuri mwenyewe. Sote wazima, alhamdulillahi. Mitende imezaa vizuri, na babu yako bado anagombana na daktari kwa sababu ya halua.

Unauliza kwa nini huwa naupumulia muhuri kabla ya kuugonga. Wino uliokauka hurudi ukipata pumzi yenye joto. Aliyenifunza ni dada yangu, Zuwena. Ule muhuri wangu wa ua la yasmini aliuchonga yeye kwa soli ya kandambili. Kisu kikamteleza, kikamwachia kovu kwenye dole gumba, na kila kadi yake ikawa inatoka na alama ya dole lile pembeni. Mama akimgombeza kwa uchafu, yeye anacheka.

Mwaka aliotutoka, Idi ilipokaribia, niliufungua mkebe wake wa wino mchana kweupe. Wino ulikuwa umekauka mpaka umepasuka. Nikaupumulia muhuri kama alivyonifunza, nikaukandamiza kwenye karatasi. Ua likatoka bichi, jeusi. Na pembeni, dole gumba lenye kovu.

Nikavitazama vidole vyangu. Wallahi, visafi.

Nilitaka kuichana kadi kwa hofu. Mama akanipokonya, akalibusu lile dole.

Nakuletea muhuri wenyewe kwa mkono wa mjomba wako. Upumulie taratibu. Likitokea dole pembeni, usilifute. Sema, shikamoo bibi.

Ni mimi, bibi yako aliye hai.