Mkono wa Mfano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na baba bado anabishana na redio. Mimi sijambo, nala vizuri, nalala inapowezekana. Mwezi ujao nakuja nyumbani, na kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujaliona kwa macho. Nitalifikia, nivumilie kidogo.

Uliniuliza kwenye simu masomo haya yataisha lini, maana majirani wamechoka kukuuliza nawe umechoka kuwadanganya. Waambie hivi: kwanza nilisomea udaktari wa mwili mzima, kisha nikafanya mafunzo kazini, nikizungushwa kuanzia wodi ya wazazi hadi ya mifupa, ndipo nikaruhusiwa kuomba nafasi ya kusomea ngozi. Sasa nimebakiza mtihani wa mwisho. Baba aliposema nimesoma kote huko ili nikatibu chunusi, nilicheka, lakini iliniuma. Ngozi hutoa habari za ini, za figo na za damu, kwa anayejua kuitazama.

Mwalimu wetu mkuu tunamwita Miwani, kwa sababu anazo jozi mbili na zote huzitafuta zikiwa kichwani. Hataki mtu ataje jina la ugonjwa kabla ya kueleza anachokiona: rangi, ukingo, kama pamevimba, kama panachubuka. Mwaka wa kwanza nilikurupuka nikataja jina mbele ya mgonjwa, akanitoa nikasimame kwenye korido pamoja na ndoo za deki. Tangu hapo natazama kwanza.

Kuna chumba kidogo chenye pazia zito na taa ya mwanga wa zambarau. Ngozi iliyopoteza rangi hung'aa chini yake, hata kama mchana haijaonekana vizuri. Miwani hupenda kuweka mkono wa mgonjwa kando ya mkono wa mtu mzima wa afya, ili wanafunzi walinganishe. Mkono huo umekuwa wangu tangu nilipofika, kwa vile ngozi yangu ilikuwa ya rangi moja safi. Wenzangu wakanibandika jina, Mkono wa Mfano. Sikatai, nilikuwa nikiringa.

Wiki iliyopita alikuja mwokaji mikate mwenye mabaka mikononi. Tukafunga pazia, taa ikawashwa, Miwani akawauliza wanafunzi upi ni mkono wa mgonjwa. Wakaanza kubishana. Mmoja akaonyesha wangu. Niliinama nikitaka kumcheka, nikaona kando ya kidole gumba pananing'aria, na karibu na kiwiko tena. Miwani alinishika bega, akamwambia yule mwanafunzi kwamba hajakosea, ila na ule mwingine pia ni wa mgonjwa.

Ndilo jambo lenyewe, mama. Nina vitiligo, ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi. Baka la kidole sasa linaonekana hata mchana. Dawa nimeanza. Kwa wengine rangi hurudi, kwa wengine mabaka huenea. Hauui wala hauambukizi. Maneno hayo nimewaambia wagonjwa wengi bila hata kupepesa macho. Siku ile mwokaji aliponiuliza kuhusu mabaka yake, nilianza kuyasema kama kawaida, nikashindwa kuyamaliza. Naogopa, mama.

Ninayemwogopa zaidi ni wewe. Nakumbuka ulivyotukataza kupokea chenji mkononi mwa yule mama wa dukani mwenye mabaka, ukasema aiweke juu ya meza. Sikulaumu, hukuwa na mtu wa kukueleza. Sasa unaye.

Nisalimie baba, umwambie chunusi zake za uzeeni nitazitazama bure. Wasalimie na kaka zangu wote.

Nitakaposhuka kwenye basi nitakupa mkono kabla ya mizigo. Uushike, mama.

Ni mimi kitindamimba wako,
daktari wa chunusi