Usiite Kikao, Mama

Fereej Bin Mahmoud, Doha

Mulembe, Mama,

Najua umeninunia tangu uliponikatia simu, lakini mimi goti lako silinunii. Bado linakusumbua ukipanda shambani? Mimi mwili ni mzima, ila roho imechafuka. Barua huwezi kuikata katikati, kwa hiyo keti unisikilize.

Juzi tuliletewa wodini kijana wa kwetu, Wafula, mlinzi wa jengo moja huko Abu Hamour. Aligongwa na gari akivuka barabara kwenda kazini. Nilimjua kwa sura. Ijumaa, siku ya ibada yetu huku, alikuwa akisimama nyuma kabisa kanisani, akionea haya buti zake za kazi. Madaktari walimpima, wakarudia: ubongo ulikuwa umekufa. Kilichompumulia ni mashine tu. Mtu wa namna hiyo, Mama, figo na ini lake vinaweza kuwaokoa wengine, ila kwa muda mfupi. Na ghorofa ya chini yetu wako watu wanaosafishwa damu kwa mashine, wanangoja hicho tu.

Nikamwambia daktari wa zamu tuwaite watu wa kupandikiza viungo mapema. Akanijibu, "Familia iko Kenya, nani atahangaika nayo?" Ndivyo tunavyowapoteza. Mgonjwa akiwa mgeni, hata kuulizia wanaona uvivu. Nilisumbua mpaka wakaitwa, na kwa kuwa mwenye Kiswahili wodini ni mimi, nikaambiwa nizungumze na nyumbani kwao.

Mkewe alilia, kisha akasema, "Sista, Wafula hangemnyima mtu. Lakini siwezi kusema mbele ya shemeji." Shemeji naye akasema lazima kikao kiitwe, na kikao hakikai bila mzee wa ukoo. Mzee alipopatikana akataka kuonyeshwa mgonjwa kwenye simu. Akaona kifua kinapanda na kushuka.

"Huyu si anapumua! Mnataka tukalie matanga ya mtu anapumua? Mnatuletea laana?"

Nikamweleza habari ya mashine. Akaniuliza mimi ni msichana wa nani, nisiye na adabu kwa wazee.

Hakukataa, Mama, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema wangoje kifua kitulie, ndipo wakae. Basi moyo ukashindwa, mashine ikazimwa, kifua kikatulia. Wakakaa, wakakubaliana wote. Shemeji akanipigia, sauti imejaa fahari: "Sista, tumekubali. Chukueni." Hakukuwa tena na cha kuchukua. Nilisema asante, nikaenda kulia kwenye basi mbele za watu.

Ndiyo maana nilikupigia, nawe ukasema najiitia kifo. Sijiitii chochote. Navuka barabara zilezile alizovuka Wafula, basi. Nimeshajiandikisha huku kwamba nitatoa viungo, lakini hata hivyo watakuuliza wewe kwanza. Siku wakikupigia, kifua changu nacho kitakuwa kinapanda na kushuka. Usiite kikao. Sema ndiyo, kisha ulie utakavyo.

Nisalimie dada yangu Nasimiyu na mumewe, na shangazi anayekusaidia kuchunga ng'ombe. Baba Mkubwa, mwenyekiti wa vikao vyetu vyote, usimpe salamu tupu. Msomee barua hii yote, neno kwa neno. Afadhali akasirike sasa, nikiwa bado na mdomo wa kumjibu.

Ni mimi binti yako, hata ukininunia,
Nekesa