Sanduku la Stoo Namba 214

Jumanne, 4 Juni 2013

Nimempiga bao Burl Hatcher! Stoo namba 214 ni yangu, dola mia tatu na themanini, na mzee kaondoka kanuna kama kalambishwa ndimu. Naandika kabla hata sijaoga. Jasho limenikaukia mpaka mikono ina chumvi. Kipimo cha joto nje ya benki kilikuwa kinasema digrii mia na sita za Farenhaiti. Hii ndiyo Bakersfield, na Juni ndiyo kwanza imeanza.

(Daftari lenyewe limetoka kwenye stoo ya mtu, mwezi wa tatu. Kurasa za mwanzo zilikuwa majina ya wageni wa harusi. Nimezichana.)

Mnada wa stoo za kukodi ambazo wenyewe wameacha kulipia ulikuwa kama kawaida. Meneja anakata kufuli, ananyanyua mlango wa bati, sisi tunapewa dakika tano tuchungulie. Mguu usivuke mstari. Mkono usiguse. Tochi tu. Halafu dalali – wote tunamwita Kanali, hajawahi kushika bunduki maishani – anaanza kutapika namba.

Niliona maboksi yameandikwa kwa kalamu, herufi safi kama za mwalimu. JIKONI. KRISMASI. WADE. Mtu anayeandika maboksi yake hivyo hatelekezi vitu. Mtu huyo kapatwa na jambo. Kwetu sisi hiyo ni habari njema.

Burl naye kaona. Mia tatu, mia tatu na ishirini, hashuki! Basi nikamgeukia binamu yangu Beto, nikanong'ona kwa sauti ya kusikika: "Umeona madoa kwenye lile godoro? Kunguni." Mwaka jana kunguni walimfungia Burl duka mwezi mzima. Mkono ukashuka wenyewe.

Hakuna kunguni! Godoro lina plastiki yake ya dukani!

Alipomulika tena akaiona plastiki. Akanijia polepole. "Nelly," anasema – naitwa Nayeli, miaka miwili nashindana naye na bado hataki kulitamka – "Nelly, leo umenipata. Lakini kuanzia leo hata ukiniambia nyumba yangu inaungua, nitakaa chini nimalizie kahawa."

Nilicheka mpaka tumbo likauma.

Jumatano, 5 Juni

Tumehamisha siku nzima. Tunapewa saa arobaini na nane tu, na uache pamefagiliwa. Pikapu ya Beto ni mkweche mtupu – mlango wa abiria haufunguki kwa ndani, kila tukifika nakaa nasubiri azunguke anifungulie kama malkia wa Uingereza.

Cherehani nzuri. Vikombe. Taa za Krismasi zimekunjwa moja moja. Boksi la WADE lina mabuti, kofia, gitaa halina nyuzi. Picha na vyeti na barua tumeweka pembeni, maboksi mawili, tukapeleka ofisini. Ndiyo sheria ya stoo: vya mtu binafsi vinarudi ofisini, mwenyewe akija avikute. Mimi hiyo sheria naifuata. Naandika hapa kwamba naifuata.

Halafu lile sanduku! La chuma, kijani, dogo, kama la risasi za jeshi, kitasa chake humo humo, ufunguo hakuna. Zito. Ukilitikisa – shhh – kama mchanga. Halafu kitu kidogo kinagonga. Tik.

Beto: "Fungua basi."

"Mjinga wewe? Likifunguliwa ni hicho kilichomo. Likifungwa ni chochote!"

"Na kama ni vitu vya mtu, vya kupeleka ofisini?"

"Sijui kilichomo. Nisichokijua nitakirudishaje?"

Nilijiona profesa.

Jumapili, 9 Juni

Gulio limejaa! Uwanja wote wa ile sinema ya zamani ya kutazamia ndani ya magari, mpaka kule chini ya skrini iliyochakaa. Vikombe vimekwenda, godoro limekwenda, mabuti kachukua mtu wa visima vya mafuta.

Sanduku niliweka katikati ya meza, juu ya kitambaa, peke yake. Kila mtu anataka kulishika. Nawaambia nyamazeni msikie! Shhh – tik. "Mto Kern si ule pale? Wazee si walikuwa wanachekecha dhahabu pale? Sasa mimi sisemi kitu. Nyinyi sikieni tu!" Watu kimya. Mama mmoja kafumba macho kabisa, kama yuko kanisani.

Kalinunua Pao, yule anayeuza spana na misumeno meza ya mbele yangu. Dola themanini! Sanduku tupu lisingezidi kumi. Nimeuza mchanga wa mtu na tamaa ya watu. Nina kipaji mimi. Siku moja nitakuwa na duka langu na Burl atakuja kuniomba kazi ya kufagia.

Jumatatu, 10 Juni

Joto. Cherehani imeuzwa.

Jumatano, 12 Juni

Kuna kanuni moja ambayo Burl mwenyewe alinifundisha, zamani tulipokuwa tunaongea: usionane na mwenye stoo. Hata siku moja. Ukimwona uso umekwisha.

Leo ofisi imepiga. Mwenye 214 kaja kuchukua picha zake, anaomba kuonana na aliyenunua. Nikaenda. Nilidhani anataka kununua kitu. Kweli nilidhani hivyo.

Anaitwa Bi Oleta Pruitt. Mzee, mdogo, anasukuma kile kigari cha kutembelea. Februari alianguka akavunjika nyonga. Hospitali, halafu nyumba ya wazee, na barua za stoo zote zilikuwa zinakwenda nyumba aliyokwisha kuhama. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Vyote halali yako, mwanangu, umenunua. Mimi nataka lile sanduku la kijani tu. Vingine kula."

Shingoni ana ufunguo, kaufunga kwa kamba ya kiatu.

"Ni Wade," anasema.

Mimi nikasema ndiyo, la Wade, nililiona boksi lake.

"Hapana. Ni Wade. Yumo ndani."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni njia. Mwanawe wa pekee, kafariki, mwili ukachomwa. Walimpa majivu kwenye mfuko wa plastiki, akaona mfuko si heshima, akammimina kwenye sanduku alilokuwa akiwekea nyavu zake – hapana, ndoano zake, za kuvulia mtoni. "Na kibati chake kimo, kile wanachotia namba ili wasichanganye watu."

Tik.

Jumatatu dada yake Bi Oleta anafika kwa gari kutoka Oklahoma kuwachukua wote wawili. Kaburi la baba yake Wade lina nafasi pembeni, wameshazungumza na watu wa kanisa.

Nikamtazama machoni nikasema: "Lipo kwangu, Bi Oleta. Kabatini. Nitakuletea."

Mdomo wangu huu! Ulisema wenyewe! Akanishika mkono akasema Mungu kamtuma mtu mwema.

Nilimtikisa. Nilimtikisa mtoto wa mtu gulioni, nikawaambia watu wanyamaze.

Alhamisi, 13 Juni

Kwa Pao asubuhi, hata meza hajapanga. Hanalo. Kaliuza siku ile ile, mia moja na hamsini.

"Nilikaribia kulifungua mara mbili, dada," anasema. "Nikashika na nyundo kabisa. Mke wangu akasema, ukifungua umekula hasara, wauzie wengine hamu. Si ndivyo wewe ulivyofanya?"

Ndivyo.

"Uliuzia nani?"

Alikuwa anacheka kabla hajajibu. "Burl."

Ijumaa, 14 Juni

Sijala tangu jana. Naandika yote.

Duka la Burl. Sanduku liko kaunta, juu ya kitambaa chekundu, na tangazo: JUMAPILI, SIKUKUU YA AKINA BABA, GULIONI, SAA SITA MCHANA. LIMO NINI? Tiketi dola tano. Mshindi anachukua kilichomo. Litafunguliwa kwa drili mbele ya watu.

Drili. Na upepo wa pale uwanjani.

Nikamwambia yote. Sikuongeza chumvi hata punje. Oleta, nyonga, Wade, kibati. Burl akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamimina kahawa. Halafu akavuta kiti akakaa.

"Kunguni wiki iliyopita," anasema. "Majivu wiki hii. Wiki ijayo utaniletea nani, Papa wa Roma?"

"Mzee Burl, nakuapia."

"Mwaka tisini na nne jamaa mmoja alinililia hapa hapa kwa ajili ya kabati la mama yake. Machozi haya! Nikampa bure. Jumapili nikalikuta gulioni, mia sita."

Nikamtajia mia mbili. Akatabasamu. Nikapandisha mia nne – yote niliyonayo, na ya Beto humo! Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwona usoni. Akalivuta sanduku karibu na kifua.

"Hakuna mtu anayelipa mia nne kwa majivu, Nelly. Umesikia kitu humu ambacho mimi sijasikia." Akalitegea sikio. Akalitikisa.

Nikapiga kelele. Kweli, nilipiga kelele, na mteja mmoja akatoka nje.

Burl aliacha kucheka kidogo. Kidogo tu. "Kama kuna huyo mama," anasema, "mlete na ufunguo wake. Ukiingia hata mimi nitavua kofia. Lakini mlete. Maneno yako wewe nimeshayanunua mara moja."

Nilipiga ofisi ya stoo. Wakasema limeuzwa kihalali, wao hawana neno. Halafu wakaniuliza: na wewe kwa nini hukulirudisha? Nikakata simu.

Kumleta ni kumwambia. Limetoka kwangu, limepita kwa nani, limefanywa nini. Hakuna njia ya pembeni. Nimeitafuta usiku kucha.

Jumamosi, 15 Juni

Nimempigia Bi Oleta mara tatu. Mara mbili nimekata. Ya tatu nikamwambia kesho nitakupitia, tukamchukue pamoja, njoo na ufunguo.

"Si lipo kabatini kwako?"

"Lipo kwa rafiki. Karibu tu."

Halafu: "Nivae nini, mwanangu?"

Beto kanipa funguo za pikapu bila kunitazama. "Mwambie njiani," anasema. "Ni dakika ishirini. Zinatosha."

Jumapili, 16 Juni

Dakika ishirini hazikutosha. Niliongelea joto. Niliongelea mashamba ya lozi. Niliongelea barabara!

Sasa saa sita kasoro robo, tuko gulioni, ndani ya pikapu, kivuli cha ile skrini. Yupo kando yangu. Kavaa gauni la bluu, kapaka rangi ya mdomo. Nimemnunulia burito, ile chapati ya kufungia mayai, anakula pole pole na kitambaa kakitandika mapajani. Anaona naandika. Nimemwambia ni mambo ya kazi. "Vizuri," anasema, "Wade hakuwa anaandika kitu, kila kitu kichwani, na kichwa chenyewe kinavuja." Akacheka peke yake.

Nimeshashuka mara moja. Nilidhani nitamwita Burl pembeni, alilete huku kimya kimya, mama asione meza, asione tangazo. Watu kama mia mbili! Akina baba na watoto mabegani. Burl yuko juu ya trela, kipaza sauti mkononi, drili iko pale na waya wake. Nikampungia. Nikaelekeza kidole kwenye pikapu, yupo, nimemleta, yupo pale! Kaniona. Kachukua kikombe chake cha kahawa, kakinyanyua juu nikione, kanywa.

Nikarudi. Itabidi aende yeye mwenyewe na ufunguo wake mkononi. Yaani nimwambie sasa. Nilikuwa najipanga. Nimeandika hapa maneno ya kumwambia, nimeyafuta, ona ukurasa ulivyo –

Spika imefunguliwa. Burl anasema mabibi na mabwana, kabla ya drili, nawaomba kimya. Hata mtoto asilie. Sikieni wenyewe.

Kakiweka kipaza sauti kwenye bati la sanduku, kalitikisa.

Shhh.

Gulio zima kimya. Sijawahi kusikia pale pakawa kimya hivi.

Tik.

Bi Oleta kaacha kutafuna.

Anatazama mbele, kwenye kioo. Burito kaiweka juu ya kitambaa, kakunja kitambaa vizuri, kona kwa kona. Hajaniuliza kitu. Hajanitazama. Kautoa ufunguo ndani ya gauni, kaushika, na kwa mkono mwingine anatafuta kitasa cha mlango.

Spika inasema tena! Tena, kwa wale wa nyuma!

Anausukuma. Haufunguki, haufunguki kwa ndani, mpaka mtu ashuke azunguke amfungulie. Anausukuma kwa bega, na ile nyonga yake. Na mimi niko hapa bado naandika –