Kioo cha Chemli Dirishani

Baba,

Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike nyuma ya mibuni. Wageni wameondoka, sufuria za watu zimerudishwa, nami nimebaki hapa kijijini Hasamba na kiti chako na uongo wangu.

Unakumbuka nilivyofunga kibanda changu cha vitenge Tunduma nije kukutunza macho yako yalipokufa. Nilikuja kwa upendo, lakini sitakuficha, nilikuja pia nimenuna. Sharti lako lilikuwa moja tu: jua likizama, chemli iwashwe dirishani, upande wa korongo. Nikikuambia ndani tuna taa ya sola, unanijibu, "Hiyo ni yetu. Ile ni ya mpita njia. Nuru ya Bwana haikuwashwa kwa ajili ya nyumba moja."

Siku za mwanzo niliwasha. Kisha nikachoka kufuta masizi na kufuata mafuta ya taa dukani. Nikasema moyoni, kipofu na taa wapi na wapi? Ukawa unauliza, "Umewasha?" nami najibu, "Nimewasha, baba." Unainuka, unapapasa hadi dirishani, unasimama kidogo, unarudi. "Ubarikiwe, mwanangu." Basi nafungua Biblia nikusomee.

Zamani ulipenda waraka wa Yohana, pale anaposema Mungu ni nuru, na anayedai yuko naye huku anatembea gizani ni mwongo. Ghafla ukaacha kuuomba. Ukataka Zaburi tu, ile ya mchungaji na majani mabichi. Nilidhani umeuchoka.

Jana Mama Lusajo, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, alikuja tukapepeta maharage. Akaniambia aliwahi kukuuliza mbona dirisha letu siku hizi ni giza, maana yeye akitoka kwaya anashuka korongoni kwa kubahatisha. Ukamwambia, "Najua. Kila jioni nagusa kioo cha chemli, kiko baridi. Mwache, amechoka. Siku atakayowasha, mkono wangu utajua."

Baba! Ungo ulinidondoka. Kumbe ulikuwa unagusa. Kumbe baraka ile ulikuwa unampa mwongo, na unajua. Na waraka ule uliuacha ili nisijisomee hukumu yangu kwa kinywa changu mwenyewe. Heri ungenichapa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amefika, nawe umeshakwenda.

Leo nimesugua kioo kwa majivu, nimekata utambi, nimejaza mafuta. Mama Lusajo amevuka sasa hivi, akanipungia mkono. Huko uliko, Maandiko yanasema, hawahitaji taa wala jua. Huku bado tunahitaji. Maadamu naishi nyumba hii, dirisha lako halitalala giza tena, hata nichoke vipi.

Kiganja changu kiko pale ulipokuwa unaweka chako. Pumzika, baba.

Nimewasha. Gusa.