Karibu Haitiki

Jumatatu, 14 Julai

Chai, mihogo ya jana. Miche ya michungwa nimeimwagilia. Mwanaidi wa jirani kapiga hodi, anaomba mchi. Nikajibu karibu. Mbwa hakuinuka pale barazani.

Haya ni mambo ya marehemu mke wangu, kumpa mbwa jina la Karibu. Miaka saba sasa kila mgeni akikaribishwa, wa kwanza kumpokea ni mbwa. Mwanaidi ni mtu wa swala, hataki mate ya mbwa kwenye nguo aje kuosha mara saba. Hupiga hodi mguu mmoja uko njiani. Leo alijiandaa kukimbia bure. Nimecheka peke yangu.

Jumanne, 15 Julai

Kicheche kachukua kuku wangu wa mayai. Karibu alikuwa amelala hatua kumi kutoka bandani. Hakubweka. Nimemfokea mpaka sauti imekauka, naye ananitazama tu, kichwa kakilaza upande kama ananicheza shere. Ukoko leo hapati. Mbwa wa kulala mimi simlishi.

Jumatano, 16 Julai

Roho iliniuma. Nimempa ukoko na dagaa juu. Kanusa, kaacha. Kasusa. Sawa, tutaona nani atachoka mwanzo.

Ijumaa, 18 Julai

Hajala bado. Mkia chini. Anasugua kichwa kwenye mwimo wa mlango. Nilipomshika shingoni akaninguruma. Mimi, niliyemlea hajafungua macho. Nimeumia, sifichi.

Mwanaidi kaja kurudisha mchi. Kasimama kulekule mbali, kamwangalia kitambo.

"Baba Neema, huyu hajanuna. Humwoni anavyokutazama mdomo? Hasikii huyu. Na hilo sikio la kushoto tangu Jumatatu halisimami."

Miaka saba anamkimbia, kumbe ndiye anayemjua. Mimi nakaa naye nyumba moja sikuona kitu.

Jumamosi, 19 Julai

Bwana mifugo kaja na pikipiki kutoka Maramba mjini. Kamfunga mdomo kwa kamba, kamulika masikio kwa tochi. Kupe. Wamejazana ndani, pande zote mbili, na usaha unaonuka. Hata kutafuna kulikuwa kunamuuma. Kawatoa mmoja mmoja, kadunga sindano, kaacha dawa ya matone. Kusikia huenda kukarudi, huenda kusirudi. Anachoogopa yeye ni homa.

Nimemfokea asiyesikia. Nimemnyima chakula mgonjwa. Nimemwomba radhi kwa Kishambaa, maana ndiyo lugha aliyokuwa anasemeshwa na Mama Neema. Najua hakusikia.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani. Homa haijashuka. Namnywesha uji kwa kijiko, nusu unamwagika. Neema kapiga simu kutoka Arusha, nikamwambia hatujambo. Uongo.

Akiondoka huyu, nikirudi shamba hakuna wa kunipokea. Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumanne, 22 Julai

Kalamba uji mwenyewe. Kidogo tu, kisha akalala. Mzee mzima nimelia. Bahati nzuri hakuna aliyeniona.

Matone asubuhi na jioni. Ngurumo zimekwisha, sasa ananiachia sikio nilishike. Nimemwita mara tatu kwa nyuma. Hakugeuka.

Ijumaa, 25 Julai

Asubuhi nilikuwa barazani nachambua mchicha, Karibu kalala miguuni. Mwanaidi akatokea njiani na kikapu. Ananiona, namwona, mlango uko wazi. Akasimama akapiga hodi vilevile. Nilikawia kumwelewa. Akapiga tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Nikajibu karibu.

Mbwa akainua kichwa. Akakigeuza upande huu, upande ule. Akasimama, taratibu, akaanza kuteremka ngazi.

Mwanaidi akarudi nyuma hatua tatu, kakusanya gauni mkononi, anacheka. Hakuomba mchi wala chumvi. Akageuka akaenda zake sokoni.