Kisanduku cha Tatu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wajukuu wote, hata yule mtundu uliyesema ameificha miwani yako ndani ya birika. Natumaini magoti yako yametulia. Mimi ni mzima, isipokuwa jicho la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Barua yako niliisoma mara tatu: ya kwanza mbiombio, ya pili kwa miwani, ya tatu kwa ajili ya kusikia sauti yako tu, maana miaka thelathini na miwili ni mingi na sauti hufifia. Umeniuliza kama bado najitia katika shughuli zisizonihusu. Nitakujibu, lakini nivumilie. Wiki hii watu wamenichosha, na wa kumlalamikia ni wewe tu.

Tulipata wageni. Kanisa letu lilipokea kundi la watu tisa kutoka mbali: daktari mmoja, ambaye ni mama wa makamo asiyecheka ovyo, manesi wawili, mfamasia, mhubiri, na wengine wanne ambao mpaka wanaondoka sikuijua kazi yao zaidi ya kupiga picha. Walikuja kwa siku tatu kutibu na kuhubiri kwa pamoja, katika ukumbi wa shule. Mimi, mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu na mjuzi wa lugha yao, nikaitwa kutafsiri.

Wewe uliyekuwa nesi maisha yako yote ungeshika kichwa. Dawa zilipangwa katika chumba cha pembeni, juu ya meza ya maabara yenye bomba lisilotoa maji tangu wanafunzi wa kwanza wamalize. Bango la kupimia macho lilitundikwa mahali penye jua kali, kwa hiyo kila mtu alikuwa haoni vizuri. Kipimo cha presha kilikuwa kimoja, na mwenye kukishika alikuwa na mazungumzo mengi.

Na juu ya yote ilitengenezwa kadi. Kadi ngumu ya manjano yenye visanduku vitano: usajili, presha, maombi, daktari, dawa. Kila meza ilikuwa na muhuri wake. Ukifika mlango wa dawa, kadi yako inakaguliwa, na visanduku vinne vya mwanzo lazima viwe na wino. Umeona kilipokaa kile cha tatu? Kati ya presha na daktari, kana kwamba maombi ni kipimo cha damu.

Watu wetu si wajinga. Waliisoma kadi hiyo mara moja tu wakaielewa kuliko waliokuwa wakiigonga mihuri. Fundi baiskeli wa hapa njiani aliokoka mara tatu kwa siku mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mgongo wake, ya pili kwa kikohozi cha mama yake, ya tatu kwa minyoo ya watoto. Nilipomtania akaniambia kwamba hana shida, na kama wana dawa ya macho yuko tayari kuokoka tena baada ya chakula cha mchana. Bibi mmoja alianza kulia kabla mhubiri hajafungua mdomo, ili amalize mapema. Nami nimekaa pale katikati, natafsiri machozi. Jioni mhubiri alifurahi sana kwamba karibu kila aliyetibiwa ameombewa. Hakujiuliza hata kidogo inakuwaje katika watu mia mbili karibu wote wakubali.

Sasa nikueleze habari ya Mama Ndoo. Ni jirani yangu, mjane, anauza ndoo na beseni za plastiki. Nilipougua mwaka juzi ndiye aliyekaa na ufunguo wangu na kuniletea uji bila kuulizwa. Ana sukari, na kwa muda mrefu alikuwa na kidonda chini ya kidole cha mguu, alichokifunga kwa kitambaa na kukivalisha ndala ya marehemu mumewe, kwa kuwa ni pana. Alifika siku ya kwanza asubuhi. Meza ya tatu alimshukuru mhubiri kwa adabu, akamwambia kupitia kwangu kwamba yeye ana dini yake na amekwisha kusali alfajiri. Mhubiri akatabasamu, akampungia mkono apite. Muhuri hakugonga, kwa kuwa hakumwombea.

Daktari aliutazama ule mguu muda mrefu. Akaandika dawa zianze siku ileile, akamwambia arudi kesho kusafishwa kidonda. Lakini mlango wa dawa, mchana, kadi yake ilikaguliwa, ikaonekana kisanduku cha tatu ni cheupe, akarudishwa akakamilishe. Hakubishana. Alisema hawezi kumdanganya Mungu kwa ajili ya vidonge, akaikunja kadi, akaenda zake.

Siku ya pili hakuonekana. Siku ya tatu daktari akauliza yule mama wa kidonda yuko wapi, nami nikampeleka. Tulimkuta amekaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, mguu umevimba mpaka gotini, kidole cheusi, na harufu unayoijua wewe kuliko mimi. Gari la wageni likamkimbiza hospitali. Vidole viwili vimekatwa. Daktari, ambaye hapambi maneno, aliniambia kwamba kama angeanza dawa siku ile, huenda vyote viwili vingebaki.

Mhubiri aliposikia kilichotokea alikaa kwenye benchi ya wanafunzi, magoti yakamfika kifuani. Kisha akasimama mbele ya watu wote ukumbini akasema, “Mimi niliomba pawe na meza kwa anayetaka kuombewa. Nani aliamua kwamba ni lazima?” Akanigeukia nitafsiri. Nikatafsiri, mdogo wangu, neno kwa neno. Watu walinitazama mimi tu.

Unakikumbuka kikombe cha Mama, kile cha maua ya buluu? Nilimwambia kimevunjika. Wewe ulikuwa na miaka sita, umekaa mlangoni na muwa wako, ukauliza, “Kimejivunja?” Najua umefika hapa na umekwisha kuniuliza swali hilohilo, maana tangu mwanzo wa barua hii nimeandika kana kwamba kadi iliota yenyewe.

Kadi niliichora mimi. Ijumaa mchana, kabla wageni hawajafika, nikakaa na rula yangu kwenye meza ya jikoni nikachora moja, kanisa likatoa nakala. Niliogopa watu watasukumana. Mihuri nilipendekeza mimi, na wageni wakasema ni wazo zuri sana. Maombi niliyaweka ya tatu kwa sababu meza ya tatu ilikuwa karibu na dirisha na mhubiri ana pumu. Hakuna sababu nyingine. Na mchana wa siku ya kwanza, sauti ya mhubiri ilipokauka akaenda kupumzika, mimi nilihamia mlango wa dawa. Aliyemrudisha Mama Ndoo ni mimi. Nilimwambia, jirani yangu wa miaka kumi na minne, “Mama, taratibu ni taratibu.”

Miaka yangu hii yote ya ukimbizi ugenini nimeishi kwa kadi. Kadi ya chakula, kadi ya maji, kadi ya kuthibitisha kwamba kadi nyingine imepotea. Siku moja nilirudishwa dirishani kwa kukosa muhuri mmoja, na mtoto anachemka kwa homa mgongoni kwa mama yake. Yule mtu wa dirishani nilimchukia miaka. Nimepewa mlango mchana mmoja tu, nami nikawa yeye.

Mhubiri nimemwandikia barua fupi kuliko hii. Kwa Mama Ndoo nilikwenda mwenyewe alipotoka hospitali. Kwamba mlangoni nilikuwa mimi alijua, lakini kadi alidhani ni ya wageni. Nikamwambia yote. Alikuwa akipanga mifuniko ya ndoo kwa ukubwa, na hakuacha mpaka alipomaliza. Kisha akasema hospitali wanataka kipimo chake cha sukari kiandikwe asubuhi na jioni, na hali ya kidonda kila kinapofungwa, na mwandiko wa binti yake hausomeki.

“Wewe si ndiye mwenye rula? Chora hiyo karatasi, uje mara mbili kwa siku unijazie. Na kile kisanduku chako cha tatu usikiweke. Hicho mimi najaza mwenyewe.”

Kwa hiyo, ndiyo, bado najitia, ila hii imeamriwa. Nimekwenda siku sita sasa. Tafadhali nijibu upesi: kidonda kikianza kuharibika tena huonyesha rangi gani kwanza, nami nianze kuogopa lini? Binti yake hufungua bandeji, mimi huandika tu, lakini nataka nijue ninachokiandika.

Nisalimie shemeji, na mpe yule mtundu wa birika baraka zangu. Nyumbani kwetu ukipita, nitazamie kama kabati la Mama bado lipo.

Ni mimi kaka yako,
niliyekivunja kikombe