Maiki Kifuani kwa Baba

Jumatatu, 5 Mei

Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili hadi shingo ikakakamaa. Nusu ya darasa bado wanachanganya uzito na tungamo. Kisha chai. Kisha kompyuta, kuangalia nilichorekodi Jumamosi shambani kwa baba, Makutupora.

Picha safi. Kamera ni ile ndogo niliyonunua ya kurekodia majaribio ya maabara, inaenea kiganjani. Nilimfunga baba nayo kwenye paji la uso, mkanda juu ya kofia, kwa sababu kazi ya kupogolea inataka mikono yote miwili. Unaona anachokiona yeye. Mikono yake, mkasi, tawi la mzabibu.

Sauti ni upepo mtupu. Kama mtu anachana turubai. Chini ya upepo baba anasema kitu. Nimerudia mara tano. Nimeambulia "hili" na "usi".

Upasuaji wa rovu la baba, ule uvimbe wa shingoni, ni Alhamisi ya wiki ijayo. Limekua mpaka linambana koo, sasa analala ameketi. Daktari alituambia wazi, mimi na mdogo wangu Neema: mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma ya rovu. Sauti inaweza kubaki vilevile, inaweza kukwaruza, inaweza isirudi. Alisema hivyo huku akitutazama usoni. Nilimshukuru kwa hilo, baadaye.

Neema ndiye anayeishi na baba na ndiye atakayebaki na shamba. Palizi anaijua, dawa anazijua. Mkasi hajawahi kuachiwa. Miaka yote hii baba anakata peke yake, na wakulima wenzake wanamwita akawakatie. Mizabibu ya msimu huu inapogolewa sasa, si mwezi ujao. Kwa hiyo tulikubaliana: baba avae kamera, akate, aeleze.

Hiyo ndiyo sababu tuliyompa.

Jumatano, 7 Mei

Nimenunua maiki ya kubana kwenye nguo, pamoja na adapta ya kuiunganisha na kamera. Muuzaji alisema inaingia kamera zote.

Imeingia. Haisikii kitu. Nimechomoa, nimechomeka, nimezima, nimewasha. Nimerekodi nikihesabu moja hadi ishirini. Kimya. Hata upepo wa Jumamosi ulikuwa na afadhali, angalau ulikuwa sauti.

Nimelala na hasira. Si kwa muuzaji. Kwangu. Miaka sita nimekuwa nikisema "msimu ujao nitamrekodi mzee." Misimu miwili kila mwaka. Mtu aliyesoma fizikia anaweza kufanya hiyo hesabu.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya vipindi nimekwenda kwa Rehema, fundi wa redio na simu karibu na soko. Mama wa makamo, miwani kwenye kamba, hazungumzi akiwa ameshika chuma cha kuchomelea. Nimesubiri.

Alichukua pini ya maiki akaigeuza kwenye mwanga.

"Mwalimu, hesabu hizi pete nyeusi."

Tatu.

"Tatu ni ya simu. Kamera hii inataka mbili. Na hiyo adapta yako nayo ni ya simu, ndani haina kitu. Ya kamera ina sakiti yake."

Nilimwambia mimi ni mwalimu wa fizikia. Akasema ndiyo maana hakutaka kucheka.

Alikuwa nayo adapta sahihi kwenye droo, aliinunua kwa mpiga picha wa harusi aliyebadilisha kamera. Na maiki ya pete mbili. Kisha akaingia kwenye menyu ya kamera, akashuka mpaka mahali pa sauti ambapo sijawahi kufika, akachagua maiki ya nje. Bila hapo, alisema, kamera inaendelea kutumia sikio lake yenyewe.

Akagonga maiki kwa ukucha. Akarekodi. Akaichezesha. Tak, tak, tak. Halafu sauti ya Rehema mwenyewe, karibu kabisa, kana kwamba yumo ndani ya kichwa changu: "Kila ukianza, rekodi kidogo, sikiliza, ndipo uendelee. Usiamini taa nyekundu."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimefurahi kama mjinga.

Jumamosi, 10 Mei

Makutupora tangu asubuhi. Upepo wa Mei umeanza, ule mkavu unaotoka kusini na kuingia mikononi mwa sweta. Nimeibana maiki kwenye kola ya baba, ikawa inasuguana na rovu. Nimeihamishia kifuani, kifungo cha pili. Neema alikata kipande cha manyoya kwenye kofia ya koti la zamani la mtoto, tukaivisha maiki. Upepo ukaisha. Sikuamini. Manyoya ya koti.

Waya kutoka kifuani, juu ya bega, hadi kamera kwenye paji. Nilirekodi kidogo, nikasikiliza. Safi. Tukaanza.

Baba alizungumza asubuhi nzima. Jicho lipi la kuchipuza linaachwa, kwa nini mti mchovu unakatwa zaidi na si pungufu. Habari za baba yake, aliyedhani zabibu ni zao la wavivu kwa sababu halitwangwi kinuni. Mistari mitatu. Alikuwa anakohoa kidogo mwishoni, nikamwambia tupumzike, akasema atapumzika hospitali.

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Betri ilikuwa imekwisha, sikusikiliza tena. Kesho.

Jumapili, 11 Mei

Dakika kumi na moja.

Dakika kumi na moja za kwanza zipo. Kisha mkwaruzo, kisha hakuna. Saa mbili za mikono ya baba bila baba.

Najua kilichotokea. Nimekiona kwenye picha yenyewe. Kila alipoinama waya ulivutika, na mvuto wote ukaenda kwenye pini. Alipoinama chini ya mti wa nne, pini ikachomoka nusu. Taa nyekundu iliendelea kuwaka. Niliambiwa nisiiamini.

Nimelia jikoni, kwa sauti, maji yakichemka mpaka yakaisha. Neema alipiga simu kuuliza. Nimemwambia bado sijaangalia.

Nimemdanganya mdogo wangu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia Neema asubuhi kabla ya gwaride, nimemwambia ukweli. Akasema, "Dada, mimi nilikuwepo. Nimesikia alichosema. Wewe ndiye uliyekuwa unatazama kamera."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeuma.

Hospitali wamempigia baba: anatakiwa wodini Jumatano asubuhi kwa vipimo. Nimebakiwa na kesho tu. Mkuu wa shule amenipa ruhusa bila kuniuliza maswali. Labda uso wangu ulishajibu.

Jioni kwa Rehema. Nilimweleza, hakunilaumu. Alichukua waya, akaufanya kitanzi karibu na kamera, akakifunga kwa tepu nyeusi ya umeme kwenye fremu yake. Akaniambia nivute. Nikavuta kwa nguvu. Kitanzi kikakaza, pini haikusogea. Kani inaishia kwenye kitanzi, pini haipati chochote. Nimefundisha jambo hilo miaka tisa kwa mchoro ubaoni.

"Na mgongoni uache waya ulegee," alisema. "Mzee ni wa kuinama, si sanamu."

Jumanne, 13 Mei

Naandika kwenye basi la kurudi mjini, mwandiko unaruka.

Baba aliamka sauti imekwaruza. Alizungumza mno Jumamosi. Kwa ajili yangu. Nimemkuta anakunywa maji ya moto na asali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa mkono.

Nimemvalisha. Kitanzi, tepu, waya umelegea mgongoni, manyoya kifuani. Nimegonga kwa ukucha, nimesikiliza. Sawa. Akaanza kukata. Hakusema neno. Mstari mzima. Nilikuwa nasikia pumzi yake, ikipita penye rovu kwa filimbi nyembamba, na mkasi. Kila baada ya dakika kumi nilisimamisha kuhakikisha sauti ipo. Ilikuwepo. Sauti ya mtu aliyenyamaza, iliyorekodiwa vizuri sana.

Niliogopa. Nilifikiri: basi, nimechelewa kwa siku tatu.

Mwisho wa mstari akageuka, kamera ikanitazama.

"Hii ni ya Neema au ni yako?"

Nikataka kusema ya Neema. Nikasema, "Ni yangu, baba. Naogopa utarudi huna sauti."

Nilidhani atakasirika. Akasema, "Ungesema tangu mwanzo nisingejichosha na habari za macho."

Kisha akamwita Neema, aliyekuwa anakusanya matawi yaliyokatwa. Akampa mkasi. Hivi hivi, kama mtu anavyompa mwenzake kikombe. Neema aliupokea kwa mikono miwili.

"Kata wewe. Mimi nitasema."

Akasimama nyuma ya bega lake, kamera pajini, maiki kifuani. Ikawa mikono ni ya Neema na sauti ni ya baba. Nyembamba, imekwaruza, lakini kila neno linasikika.

"Hesabu macho mawili kutoka chini. Mawili, si matatu, usiwe na tamaa. Kata juu ya la pili. Mshazari, maji yasisimame. Ngoja. Unautazama mkasi. Utazame mti."

Neema akakata vibaya.

"Umeua jicho. Si neno, mti una mengine. Endelea."

Mti wa kumi hivi, akaacha kumwelekeza. Neema akakata mwenyewe, na baba akaanza kusema mengine. Kwamba mama alipofariki alitaka kung'oa shamba lote, na kilichomzuia ni kwamba mimi nilikuwa nasoma. Kwamba hakuwahi kutuambia kwa sababu hakuona pa kuanzia. Kwamba mimi nilizaliwa nikilia sana na Neema alizaliwa akitazama watu. Alisema polepole, akipumzika kati ya sentensi, na Neema hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anakata. Alifuta uso kwa bega, akaendelea.

Dakika arobaini na nane. Nimesikiliza zote kabla sijamvua kamera. Aliketi kwenye ndoo, akinisubiri bila kulalamika.

Zipo zote.

Jumatano, 14 Mei

Baba wodini. Nimenakili faili sehemu tatu. Nimechoka. Sijisikii vibaya.

Alhamisi, 15 Mei

Wamemwingiza saa tatu asubuhi. Mimi na Neema kwenye benchi la mbao. Neema ana malengelenge kiganjani, jana mchana kutwa alimaliza mistari sita peke yake. Tulikula ndizi.

Saa saba kasoro daktari alitoka. Rovu lote limetoka. Mshipa wa sauti aliuona na hakuugusa. Sauti yenyewe tusubiri.

Alipozinduka alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nesi akamwambia asijaribu, koo limevimba. Alifumba macho. Nilimshika mguu, kwa sababu mikononi kulikuwa na mipira ya dripu.

Ijumaa, 16 Mei

Mnong'ono tu. Kama karatasi inayokunjwa. Daktari anasema ni kawaida. Neema anaamini. Mimi naogopa, na naona aibu kuogopa.

Amelala chali lakini. Mara ya kwanza tangu mwaka jana, amelala kama watu wanavyolala. Nimekaa nikiangalia hilo.

Jumapili, 18 Mei

Tumeingia saa ya kuona wagonjwa na chupa ya uji. Baba ameketi kitandani, shingo imefungwa bandeji, anatazama mlango. Kulikuwa na wagonjwa wanne na ndugu zao. Tulipofika kitandani alisafisha koo na kusema, "Mbukwenyi." Salamu ya Kigogo, ya watu wengi, ya wodi nzima. Mzee wa kitanda cha dirishani akaitikia.

Si sauti ileile. Imeshuka chini, ina kokoto. Lakini ni yake. Ningeitambua gizani, kwenye simu mbovu, popote.

Nilitoka kwenye korido, nikaegemea ukuta. Neema alinifuata akidhani nalia. Nilikuwa nacheka. Naye akaanza. Nesi akapita akatuambia tunazuia njia.

Jumamosi, 31 Mei

Makutupora. Mstari wa mwisho umepogolewa Alhamisi. Mizabibu imebaki visiki vifupi vyenye unyevu penye mikato. Baba amepita kuikagua, mikono nyuma. Aliuonyesha mti mmoja kwa kidole, akatikisa kichwa, akaendelea.

Mchana tumekula ugali na mlenda. Mbuzi wa jirani walipita uani, wawili wakaingia kwenye ufuta wa Neema. Baba akatoka kwenda kuzungumza na mwenye mbuzi penye ua wa miiba. Wamebishana habari za kamba, za nani alitakiwa kuziba tundu, kisha za mvua, kisha za mtu fulani wa Mpwapwa wanayemjua wote wawili. Sauti yake inakatika katikati ya neno, anangoja, inarudi, anaendelea palepale alipoishia.

Mimi nilikuwa naosha sufuria. Sikuwa na haraka.